Mwaka wa Kamera Isiyo na Kelele

Mwezi uliopita niliitwa Masoro, eneo la viwanda la Kigali, kwenye kiwanda kimoja cha maboksi, kupiga picha za wafanyakazi kwa ajili ya kalenda yao. Kazi kama hizo siku hizi hufanywa na vijana, lakini meneja alikuwa ameona picha zangu kwenye ukuta wa hoteli fulani akanitaka mimi, nami sikukataa. Nilipokuwa nawapanga watu wa ghala kwa mistari mitatu, wafupi mbele na warefu nyuma, mtu mmoja wa mstari wa nyuma akavua kofia yake kabla sijamwambia mtu yeyote avue. Alijua kwamba ukingo wa kofia ungemtia kivuli machoni. Nikainua uso kutoka kwenye kamera, nikamwona Melkiori. Mvi zimemjaa, tumbo kidogo, lakini ni yeye. "Habari, Yusta," akasema, kana kwamba tuliachana juzi. "Endelea tu, jua linapanda." Nikaendelea. Nilipiga picha zaidi ya thelathini za kundi lile, na hakuna hata moja ambayo niliweza kumtazama usoni kwa raha.

Nimeulizwa mara nyingi nilijifunza wapi kazi hii, na kila mara nimesimulia mwaka ule wa Nyabugogo. Nimeusimulia mbele ya wanafunzi, nimeusimulia redioni. Huwa nautaja umaskini wetu na ubishi wetu juu ya kamera, watu wanacheka, halafu naruka hadi maonyesho yangu ya kwanza. Hapo ninaporuka ndipo palipo na habari yenyewe. Ya kwetu na ya wazazi wangu sitayaeleza; yatosha kujua kwamba mimi nililelewa Karagwe, Tanzania, na Melkiori akalelewa Bujumbura, na wote wawili tulirudi tukiwa wakubwa katika nchi ambayo wazazi wetu walituambia ni yetu. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na saba, na yeye alikuwa amenizidi mitatu.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vitenge, upande wa juu wa stendi ya mabasi ya Nyabugogo. Ulipita katikati ya majora, ukainama chini ya bomba la maji, ukaingia mahali penye kiti kimoja cha kuzunguka, kitambaa cheupe ukutani kwa picha za pasipoti, kompyuta iliyofunikwa taulo kwa sababu ya vumbi, na jiko dogo la umeme ambalo mwenye nyumba hakulijua. Melkiori ndiye aliyekuwa mpishi. Maharage aliyachemsha kwao alfajiri. Saa sita alikaanga vitunguu kwa mawese, na harufu ilipenya hadi dukani, hivi kwamba watu waliokuja kupigwa picha za viza waliondoka na mashati yanayonuka mawese. Tulikula sufuria moja, tukisikiliza kupitia ukuta wa ubao maneno ya mama wa vitenge na wateja wake: nani ameachwa, nani amejenga, nani amejifungua mtoto asiyefanana na mtu yeyote wa nyumbani. Huko nje wapiga debe waliita abiria, Huye, Huye, Musanze, bila kupumzika. Melkiori alipenda kumalizia hadithi za mama wa vitenge kwa sauti ndogo kabla yeye mwenyewe hajazimaliza, na mara nyingi alipatia. Nilicheka katika chumba kile kuliko nilivyopata kucheka mahali pengine popote, na ni vizuri niliseme hilo mapema.

Kila mmoja wetu alikuwa na kamera yake, zote mbili kuukuu. Mwaka ule tuliamua kununua moja nzuri, ya wote wawili. Tukasikia kuna Mzungu mpiga picha anayehama Kigali, nyumba yake iko Kiyovu, anauza vifaa. Tukaenda siku ya Jumamosi. Alitukaribisha barazani, akatuwekea mezani kamera mbili za kidijitali, akasema tuchukue muda wetu. Kubwa ilikuwa ile ya kawaida ya watu wa kazi: unatazama kupitia lenzi yenyewe, fokasi inajitafuta kufumba na kufumbua, na ukibonyeza inalia kama mlango wa kabati. Ndogo ilikuwa ya aina inayoitwa renjifainda. Hiyo hutazami kupitia lenzi. Ina kidirisha pembeni, na katikati ya kidirisha unaona vitu viwiliwili kama mtu aliyelewa. Unazungusha lenzi kwa kidole mpaka viwili viwe kimoja, ndipo unabonyeza. Hailii. Inanong'ona tu. Ilikuwa nyeusi, na kwenye kingo rangi ilikuwa imechakaa mpaka shaba ikaonekana, na mimi nilipoishika sikutaka kuirudisha mezani.

"Yusta, harusi haingoji," alisema Melkiori kwa Kiswahili chake cha Bujumbura. "Weye uko unazungusha kidole, bibi arusi ameshashuka gari. Tuchukue hii kubwa. Iko nzito, lakini iko ya kazi."

"Kila mtu mjini ana hiyo kubwa."

"Ndiyo maana, sha! Ikiharibika, kuna mtu wa kuitengeneza. Hii ndogo ikiumwa utaipeleka kwa daktari gani?"

Barazani palikuwa na wageni wengine wa yule Mzungu, mwanamume na mwanamke, Wanyarwanda, wanakunywa chai. Mwanamume alimwambia mwenzake, si kwa kunong'ona wala kwa kutaka tusikie, "Atakayechukua ile ndogo ndiye mpiga picha. Hao wengine ni ba gafotozi tu." Gafotozi ndilo jina letu sisi wa pasipoti na harusi. Si tusi. Ni jina ambalo mama wa bibi arusi hulitumia anapouliza kama gafotozi amekula. Melkiori aliitwa hivyo na akaitika bila shida; mimi kila nilipoitwa nilihisi kama nimekanyagwa kidole. Sikumtazama yule mwanamume. Nilimwambia Mzungu tunachukua ndogo. Melkiori akaguna, akatoa bahasha ya pesa.

Lazima niitendee haki kamera ile: ilikuwa nzuri. Kwa miezi minne nilipiga nayo picha ambazo hata leo sizionei haya. Watu hawakuisikia, kwa hiyo hawakujikaza. Asubuhi moja niliwapiga wachukuzi wa stendi wakinawa nyuso kwenye bomba la wauza mboga, mvuke ukipanda kutoka migongoni mwao, na hakuna aliyegeuka. Melkiori aliifungua picha ile kwenye kompyuta, akaitazama mpaka chakula kikaanza kuungua. "Nilikosea," akasema. "Hii kamera iko na macho. Nilikosea, Yusta." Aliitengeneza kubwa akaibandika mlangoni, na kila mteja aliyeingia alimwambia, hii kaipiga mwenzangu. Mtu anayekubali kosa lake namna ile ni mgumu sana kumwendea baadaye na kusema kwamba alikuwa amepatia.

Kamera ilinidondoka ngazini pale Nyabugogo. Nilikuwa na tabia ya kuitundika bega moja, kwa sababu niliona hivyo ndivyo wanavyofanya wapiga picha wakubwa. Nikageuka kumsalimu mtu, mkanda ukateleza, kamera ikagonga kona ya ngazi ya saruji. Sauti yake ilikuwa ndogo. Niliiokota, nikatazama kidirishani: picha mbili ziliungana vizuri. Nikapiga picha ya mlango wa duka, nikaangalia kwenye kioo chake cha nyuma, ambacho kwa kamera za miaka ile kilikuwa kidogo na hafifu; nikaona mlango. Kwenye pembe moja palikuwa na kovu, bati limebonyea na kung'aa. Niliingia duka la vifaa vya shule, nikanunua kalamu ya wino mzito, nikalipaka kovu lile wino mweusi nikiwa nimesimama chooni. Nilipofika chumbani Melkiori aliniuliza mbona nimechelewa, nikasema foleni. Katika wiki tatu zilizofuata alisema mara mbili kwamba picha zangu zimelala kidogo, hazina ukali. Mara ya kwanza nilisema mwanga ulikuwa hafifu. Mara ya pili nilimwuliza kama bado anaisikitikia ile kamera kubwa, naye kwa adabu akarudi kwenye vitunguu vyake.

Halafu ikaja harusi ya Gaudensia. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Gaudensia, aliishi Karagwe jirani na kwetu kabla ya kurudi, na sasa alikuwa na nyumba Kiyovu, zile za zamani zenye baraza pana. Kupitia kwake tulipata karibu kazi zote za familia zilizorudi kutoka Tanzania. Mimi nilikuwa binti yake. Melkiori, kwa sababu alimpikia maharage siku moja alipotutembelea Nyabugogo, alikuwa "Melki mwanangu". Mume wake alikuwa mgonjwa sana. Hangeweza kwenda kanisani, kwa hiyo wakakubaliana kwamba asubuhi ile, kabla ya msafara kuondoka, Gaudensia aingie chumbani kwa baba yake akapate baraka. Mama Gaudensia alinishika mkono jikoni, katikati ya masufuria ya wali na wanawake wanaomenya ndizi, akaniambia, "Yusta, mwanangu, nyingine zote zikikosekana sitasema neno. Hizo za chumbani nataka."

Mlangoni pa chumba kile Melkiori alikuwa amesimama na kamera yake kuukuu. "Niingie na mimi? Ya akiba," akasema.

"Chumba ni kidogo," nilimjibu. "Na kamera yako inapiga kelele. Mzee mgonjwa."

Akaenda nje kupiga magari na maua.

Chumba kilinuka dawa na sabuni. Mzee alikuwa ameketishwa kitandani, koti la suti juu ya pajama, nyuma yake dirisha lenye pazia la maua. Gaudensia alipiga magoti na gauni lake lote likajaa sakafuni. Nilidhani mzee angesema maneno makubwa. Aliweka mkono juu ya shela, akauacha pale, akauliza, "Viatu vinakubana?" Gaudensia akasema, "Kidogo, Baba." Mzee akasema, "Vivue garini. Hakuna atakayeona." Wote wawili wakacheka, na yule mzee akalia palepale, kicheko na machozi pamoja. Nilipiga picha kumi na moja. Kila mara nilizungusha kidole mpaka nyuso mbili zikawa moja. Niliona kidirishani kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, na nilijua, Mungu anisamehe, kwamba picha ile ingenitoa kwenye ugafotozi.

Melkiori aliondoka siku ya pili kwenda Bujumbura kumwona mama yake. Jumatatu nilikaa peke yangu mbele ya kompyuta nikazifungua. Pazia lilikuwa kali mno. Ungeweza kuhesabu nyuzi za maua. Mbele ya pazia palikuwa na ukungu wenye umbo la mzee, na ukungu mweupe wenye umbo la bibi arusi. Zote kumi na moja. Kile kitu cha ndani kinachopima umbali kilikuwa kimesogea siku ile ya ngazi, na kidirisha kilikuwa kikinidanganya kwa wiki tatu. Nilizifunga nikazifungua tena, kama mtu anayerudi kutazama mfuko aliokwisha kuona kwamba una tundu. Mama wa vitenge aliniita kupitia ubao kama nitakula. Nikasema nimeshiba.

Alhamisi Mzee akafariki. Ijumaa Mama Gaudensia akaja mwenyewe, na mawifi zake wawili, wamejifunga kanga, wakainama chini ya bomba mmoja baada ya mwingine wakaingia kwenye kile chumba chetu. Nilimpa kiti cha kuzunguka. Alitaka picha moja ya kuweka karibu na jeneza. Nilikuwa nimekaa siku nne nikijiandaa kumwambia, na nilikuwa na maneno tayari: Mama, niliiangusha, nikaficha. Nilipofungua kinywa nikasema kwamba picha za chumbani zimeharibika zote, hazionyeshi kitu. Kwamba kamera iliangushwa kabla ya harusi, na aliyeiangusha ni mwenzangu, akanificha. Wifi mmoja akasema, "Yooo!" Mama Gaudensia alishika kingo za kile kiti kwa sababu kilikuwa kinazunguka. Waliondoka, nami nikafanya jambo la pili, ambalo sijawahi kumwambia mtu mpaka mwezi huu: nikazifuta. Kwenye kadi na kwenye kompyuta, zote kumi na moja, ili asije mtu anayejua kazi akazitazama, akaona pazia, akaelewa.

Siku chache baadaye shangazi wa Gaudensia alinipigia simu kunipa kazi ya ubatizo. "Lakini uje mwenyewe," akasema. "Yule Mrundi asije." Melkiori si Mrundi. Miaka ile sisi tuliorudi tuliitana kwa nchi tulizotoka, na kila jina lilikuwa na upande wa utani na upande wa matope. Nilisema, "Sawa, Shangazi." Harusi tatu, ubatizo, jubilei ya ndoa: wote walinitaka mimi, bila yeye.

Aliporudi na mfuko wa samaki wakavu kutoka ziwani, mama wa vitenge ndiye aliyemdaka mlangoni. Nilikuwa ndani, nilisikia kila neno kupitia ubao. "Na wewe, gafotozi, kuangusha kamera ya watu na kunyamaza! Mzee amezikwa bila picha." Akaingia. Aliweka samaki juu ya jiko. "Wanasema niliangusha kamera," akasema. "Lini?"

"Achana na maneno ya watu."

"Nauliza lini, Yusta. Labda nimesahau."

Akaichukua kamera mezani, akaizungusha polepole mikononi, mpaka dole gumba lake likafika kwenye pembe. Alisugua. Wino ukatoka, ukabaki kwenye ngozi yake, na bati likang'aa. Alitazama kidole, akanitazama mimi, akairudisha kamera taratibu sana. Nilingoja apige kelele. Kama angepiga kelele labda ningeweza kusema. Badala yake aliosha wale samaki, akawapika, akala nusu, akaniachia nusu kwenye sufuria. Mwisho wa mwezi alihamisha vitu vyake. Nilisikia kwamba alijaribu kufungua chumba chake upande mwingine wa stendi na hakupata watu. Baadaye nikasikia yuko kiwandani, Masoro. Picha ya wachukuzi ndiyo iliyonipeleka kwenye maonyesho yangu ya kwanza, na tangu hapo hakuna aliyeniita gafotozi.

Baada ya kumwona kwenye ule mstari wa nyuma nilikaa wiki nzima silali vizuri, kisha nikaenda Kiyovu. Mama Gaudensia amezeeka, anatembea kwa mkongojo, lakini alinitambua kwa sauti. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu, kumbe bado unaijua njia." Aliniletea chai ya maziwa na mandazi, nami nikamweleza yote, kuanzia ngazini, bila kugusa kikombe. Alisikiliza akitazama bustani. Nilipomaliza nilingoja aulize habari za Melkiori. Aliuliza, "Kwa hiyo zilikuwepo?"

"Zilikuwa ukungu mtupu, Mama. Hazikuonyesha uso."

"Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto?"

"Ndiyo."

"Ulionekana kwamba ni mkono?"

Nikafikiri, nikasema ndiyo, ulionekana.

"Basi ningeupokea huo ukungu," akasema. "Mimi nilikuwa namjua uso." Kisha akafuta midomo, na kwa sauti ya mtu anayetoa agizo la jikoni akaniambia niende kwa Melkiori, nimpelekee mimi mwenyewe maneno yake, nisimtume mtu: kwamba yeye, Mama, amemnunia mtoto wa watu miaka yote hii, kanisani amempita bila kumpa mkono, na kwamba anamwomba aje.

Nilimkuta Masoro saa ya chakula, kwenye benchi nje ya ghala, na wenzake wawili ambao walihama walipoona sura yangu. Nilisimama. Nilisema niliyopaswa kusema, na ya Mama Gaudensia, na ya kuzifuta. Alitafuna mpaka akamaliza tonge.

"Ya wino nilijua," alisema. "Ya kufuta sikujua. Hiyo ni mbaya zaidi." Akanywa maji. "Nikuulize kitu kimoja. Siku ile, ulipowaambia, ulinitaja kwa jina?"

Ningeweza kusema sikumbuki. "Hapana."

"Ulisemaje?"

"Nilisema, ni yule Mrundi."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Yule mama alikuwa ananiita mwanangu," akasema. "Halafu wote kwa siku moja wakaanza hilo neno. Nilidhani limetoka kwao. Nimewachukia wao, Yusta. Watu wazima, na watoto wao." Akafunga bakuli lake la chakula, akasimama. "Huyo mama nitaenda kumwona. Weye usije."

Jumapili iliyofuata nilimpigia simu Gaudensia. Akasema ndiyo, Melkiori alikuja, na mke wake na binti yake, wakala, wakakaa barazani mpaka jioni, na mama yake hajacheka hivyo siku nyingi. Nikauliza walizungumza nini. Akasema habari za Bujumbura, za Karagwe, za Mzee, jinsi Melkiori alivyokuwa akipika. Nikauliza kama walisema lolote juu yangu. Akatafuta namna ya upole ya kunijibu.

"Hapana, Dada Yusta," akasema. "Hukutajwa."